Carina yangu ya 1999 na IST niliyoiacha yadi

Shemeji yangu ni dalali wa magari, na kila akija kwetu Mbezi haingii ndani kwanza. Anaizunguka Carina, anaigonga bodi kwa kidole kimoja, anachungulia ekzosi, ndipo ananigeukia: "Shem, hiki chuma bado unacho tu?"

Chuma chenyewe ni Toyota Carina Ti ya 1999, injini 5A-FE, CC 1500, namba za usajili za herufi C. Nilikinunua 2013, hakijamaliza wiki tangu kitoke bandarini, na leo kimepita kilomita 290,000. Kimepeleka watoto wawili shule, kimeleta magunia ya mchele kutoka Ifakara, na siku moja kilimbeba bi harusi ambaye gari alilokodi halikutokea. Mwaka 2024 nusura nimkubalie shemeji nikiuze. Nilipokuja kukataa haikuwa kwa sababu ya mapenzi. Ni hesabu iliyonigeukia mikononi, na ndiyo ninayotaka kuieleza, maana najua wengi mnaipiga vilevile nilivyoipiga mimi.

Mwaka ule ulipoanza gari lilikuwa limechoka kweli. Likiwashwa asubuhi linatoa moshi wa bluu kama nusu dakika, jirani anafunga dirisha. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, tukipita tuta tunadunda wote. Halafu mafuta. Petroli hapa Dar es Salaam mwaka huo ilivuka shilingi 3,200 kwa lita, na Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei, ofisini kwetu ilikuwa kama kusubiri matokeo ya mtihani. Natoka Mbezi kwenda Posta na kurudi. Ukichanganya na mizunguko ya wikiendi ni kilomita 1,200 hivi kwa mwezi. Nilijaza tenki, nikaandika kwenye daftari, nikajaza tena. Carina ilikuwa inakwenda kilomita 8 kwa lita. Lita 150 kwa mwezi, yaani shilingi 480,000 zinazoishia kwenye foleni.

Toyota IST, gari dogo nililoanza kuliwazia badala yake, kwa wanaoziendesha ninaowaamini, inafika kilomita 14. Lita 86 tu. Tofauti ni kama 205,000 kila mwezi. Mkopo wa milioni 10 kwenye SACCOS ya kazini, miaka minne, ulikuwa unanikata 273,000. Shemeji akachukua kalamu yangu mwenyewe, akaandika: 273 toa 205. "Elfu 68, Shem. Gari jipya kwa elfu 68 kwa mwezi, na bado unafikiria?"

Nikaenda kuangalia.

Yadi ya kwanza, ambayo siitaji, walinionyesha IST namba D, milioni 12 na nusu, imeoshwa mpaka tairi zinang'aa. Dashibodi inasoma kilomita 68,000. Kijana wa pale ananifungulia mlango kama naingia hotelini. Nikakaa. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imeisha upande mmoja mpaka chuma kinaonekana, na usukani umechubuka pale mkono wa kulia unapokaa. Nikamwomba afungue boneti. Kwenye kona, karibu na betri, kulikuwa na kistika cha kubadilishia oili cha gereji ya hapahapa mjini, kimeandikwa kwa peni: safari ijayo 146,000. Kijana akakiona wakati mmoja na mimi. Akasema, "Hicho kitakuwa cha gari lingine, dada." Sikubishana naye. Ila nawasihi, mkienda yadi, msianze na rangi wala redio. Angalieni pedali, usukani, kiti cha dereva na vistika. Anayerudisha kilomita nyuma mara nyingi hukumbuka dashibodi tu.

Basi nikasema naagiza mwenyewe Japani. Hapo ndipo nilipokutana na kikokotoo cha kodi cha TRA, na wiki nzima nilikuwa nacho kitandani. Kuna jambo ambalo sikuwa nalielewa: TRA hawatozi kodi kwa bei uliyolipa wewe, wanayo makadirio yao ya thamani ya kila gari. Sasa chukua thamani hiyo uiite 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, unafika 125. Ushuru wa bidhaa kwa gari la CC 1000 hadi 2000 ni asilimia 5 ya hiyo 125. Gari likizidi miaka 10 linaongezwa asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee wake. Juu ya mrundikano wote huo inakuja VAT ya asilimia 18. Ukimaliza kuzidisha, kodi inakaribia 99, na tozo ndogondogo za reli na za forodha zinaivusha 100. Kwa maneno mengine unanunua magari mawili, unaendesha moja. Gari la miaka 8 hadi 10 linatozwa uzee asilimia 15 badala ya 30, na la chini ya miaka 8 halitozwi kabisa, lakini hayo bei yake ya mwanzo ndiyo inayokufukuza.

IST ya 2007 niliyoichagua, pamoja na meli, kodi, wakala wa bandarini na usajili, iligota milioni 15 na nusu. Na dola mwaka ule ilikuwa imepanda, kila nikifungua ukurasa tarakimu zimesogea. Nikaitazama ile jumla, kisha nikautazama mwaka: 2007. Gari "jipya" lenye miaka 17! Wajapani wenyewe umri huo wanaukimbia, kwa sababu kwao kuna ukaguzi wa lazima kila miaka miwili, wanauita shaken, na kodi ya gari la petroli inapanda likivuka miaka 13. Wao wanaona ghali kulitunza, sisi tunakopa ili tulipokee. Sisemi ni magari mabaya. Carina yangu nayo ilikuja na miaka 14 mgongoni. Ila nilikuwa nabadilisha uzee ninaoujua kwa uzee nisioujua, kwa milioni 10 za SACCOS. Zimwi likujualo, basi.

Hata hivyo ile elfu 68 ilikuwa bado inaniita. Niliamua Carina iuzwe, nikaipeleka gereji Tabata irekebishwe moshi ili nisiibiwe bei. Fundi wa pale ni mzee, haongei sana. Aliiendesha mpaka barabara kuu akarudi, akauliza, "Mama, mshale wako wa temperecha huwa unakaa wapi?"

"Chini hapo. Robo. Haijawahi kuchemsha."

"Tangu lini?"

Nikakumbuka: tangu redieta ilipovuja, kama miaka miwili nyuma, na fundi wa mtaani kwetu akaiziba. Mzee akafungua mahali inapokaa themostati, kile kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akaingiza bisibisi. Hakuna kitu. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameitoa, bila kuniambia, kwa imani ile ya mafundi wengi kwamba Dar ni joto na gari halihitaji kizuizi cha maji. Mzee alinieleza kwa sentensi mbili: injini isipopata joto lake inadhani ni asubuhi siku nzima, kwa hiyo inaendelea kumwaga petroli kama gari linalowashwa. Na maji ya bomba niliyokuwa natia badala ya koolanti yalikuwa yameijaza redieta kutu.

Themostati 25,000. Plagi nne na filta ya hewa. Redieta mpya na koolanti. Nikarudi kwenye daftari langu, tenki mbili mfululizo: kilomita 10 kwa lita, ikizidi kidogo siku za Jumapili.

Sasa rudia hesabu ya shemeji. Carina inakunywa lita 120, IST 86. Tofauti siyo tena 205,000, ni kama 109,000. Toa kwenye 273,000 za mkopo, gari jipya linanigharimu 164,000 kila mwezi, miezi 48. Na bado sijaongeza bima: gari la milioni 15 lililokopewa unalikatia bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu, zaidi ya laki 6 kwa mwaka, wakati Carina naikatia ndogo, ile ya kumlipa mtu mwingine tu, ya 118,000. Nikampigia shemeji nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shem, wewe unahesabu sana." Kwa dalali huo ndio ushindi nilioupata.

Basi nikatengeneza. Moshi wa bluu ulikuwa sili za valvu, ugonjwa wa kawaida wa injini hizi zikizeeka. Zikabadilishwa, jirani amefungua dirisha. Taimingi belti ilibadilishwa pamoja na wota pampu, maana sehemu kubwa ya kazi ya kufungua ni ileile. Shokapu nilikwenda mwenyewe na fundi mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, na nikajifunza kutouliza "hii ni orijino?" kwa sababu jibu ni moja duka zima. Fundi anaishika, anaibana chini, anaiachia. Ikirudi juu polepole bila kukwama ndiyo nzima, anaiweka pembeni tuinunue. Alikataa tatu ndipo akapata nne.

Kilichonitisha ni kutu. Mvua za masika za 2024 ziliingia ndani ya gari siku moja nilipolazimisha kupita kwenye maji, na nilikausha juu juu tu. Mzee alipoinua kapeti upande wa abiria, alibonyeza sakafu kwa kidole gumba na kidole kikapita. Nikaona mchanga wa gereji kupitia sakafu ya gari langu. Nilidhani imekwisha. Aliingia chini ya gari na tochi muda mrefu, akatoka: "Sakafu inazibika. Chesi haina tatizo. Ingekuwa kutu ipo kwenye chesi au pale shokapu inapofungwa, ningekuambia uza leo hii." Kuchomelea, kuzuia kutu na kupiga rangi chini kulinila kuliko injini yote, 750,000. Jumla ya miezi kumi na minne, matairi na betri ndani, ni milioni 2 na laki 7 kasoro kidogo. Inauma, ila ni makato ya miezi kumi ya ule mkopo.

Kuna waliosema niweke mfumo wa gesi asilia badala ya petroli. Kilo moja ilikuwa 1,550 na inakwenda mbali kuliko lita ya petroli, hesabu yake ni tamu kweli. Niliambiwa kufunga ni kama milioni 2. Nilikwenda Ubungo jioni moja kutazama foleni ya kujaza, nikakuta madereva wa bajaji wamelala kwenye viti vyao. Mtungi nao unakaa buti, na buti la Carina ndilo lililonifanya niinunue. Kwa dereva wa teksi mtandao ningesema funga kesho. Kwangu, hapana, labda vituo vikiongezeka upande wetu.

Ubaya wake nisiufiche. Kiyoyozi kimekufa na kompresa nimekataa kuinunua, kwa hiyo Februari nafika ofisini nimeloa. Binti yangu ananiomba nimshushe kabla ya geti la shule. Usalama ndio unaoninyima raha hasa: gari la 1999 likigongwa si sawa na la 2015, na hakuna fundi wa Tabata atakayeniongezea hilo. Safari za mikoani nimeacha kwenda nalo, napanda basi. Kama kazi yako ni Dar na Dodoma kila wiki, usinifuate. Na bima ndogo maana yake likiibwa, limeibwa.

Kikomo nimejiwekea na nimemwambia mzee: tengenezo moja likivuka milioni moja na nusu, au kutu ikigusa chesi, shemeji anaitwa siku hiyohiyo.

Wiki mbili zilizopita giaboksi imeanza kuchelewa kushika asubuhi. Unaweka D, unahesabu moja, mbili, ndipo linasogea. Mzee amebadilisha oili yake, ameniambia tuitazame mwezi mmoja; ya mtumba ameniulizia Ilala, 600,000 na kazi. Shemeji alikuja Jumapili, nikaiwasha iungurume kabla hajafika getini ili asiione ikihesabu.