Nikon D1X ya mtumba: pikseli zisizo za mraba na picha zake

Wauzaji wa D1X hutaja megapikseli 5.3 na bei, basi. Umbo la pikseli hawaligusi, na hilo ndilo linaloamua kama kamera hii itakufaa.

Kihisi chake cha CCD (sehemu inayopokea mwanga), cha mwaka 2001, kina nguzo 4028 za pikseli kwenye upana wa mm 23.7, lakini safu 1324 tu kwenye kimo cha mm 15.6. Ukigawanya, kila pikseli ina upana wa mikroni 5.9 na kimo cha 11.8: mara mbili. Skrini zina pikseli za mraba, kwa hiyo picha isiporekebishwa itaonekana imebonyezwa. Kamera inapotengeneza JPEG ya 3008 × 1960, takriban kila nguzo 4 hubanwa kuwa 3, na kila safu 2 hunyooshwa kuwa 3. Yaani sehemu ya kimo cha picha ni makadirio.

Ndiyo maana vitu vya wima, kama nguzo za nyumba, milingoti na nyuzi za nywele zinazoning'inia, hutoka kali sana, ilhali vioo vya luva vilivyo mbali hufifia, na waya wa umeme ulioinama kidogo hutoka na vingazi, yaani ukingo uliokatikakatika kama ngazi. Ukiinoa picha sana kwenye programu, vingazi vinazidi. Dawa ni kuigeuza kamera wima mistari ya mlalo inapokuwa ndiyo muhimu. Kitufe cha pili cha kupigia kimewekwa kwa mkao huo.

Kabla ya kulipa, weka kamera kwenye tripodi, tundu la lenzi f/8, ISO 125, upige ukurasa wa maandishi madogo kwa mlalo kisha kwa wima, umbali uleule. Linganisha picha kwenye skrini zikiwa zimekuzwa kwa asilimia 100. Tofauti utaiona kwenye vijistari vya mlalo vya herufi.

Piga NEF, faili ghafi ya Nikon. Programu ya dcraw, inayofungua faili ghafi, huongeza safu mara mbili bila kupunguza nguzo, ukapata zaidi ya megapikseli 10. Ukiipa chaguo la -j inakuachia picha bila kuinyoosha. Undani wa mlalo unabaki wote, wa wima hauongezeki.

Betri zake za EN-4 nyingi zimechoka, zijaribu.

Kwa nyaraka na majengo ningechagua Nikon D100 ya 2002, yenye pikseli za mraba, 3008 × 2000. Kwa picha za watu juani kwa flashi, D1X: inalandana na flashi hadi kasi ya shata ya sekunde 1/500, D100 inaishia 1/180.