Vifaa vya Kupigia Picha: Wapi Bei Kubwa Inalipa na Wapi cha Bei Nafuu Kinatosha

Anayetaka kuanza kazi ya kupiga picha za harusi, mahafali na sherehe za kifamilia hukutana mapema na mashauri mawili yanayopingana. Wapo wanaomwambia kwamba rahisi ni ghali, kwa hiyo ajikaze anunue kamera kubwa hata kwa mkopo. Na wapo wanaomwambia kwamba picha hupigwa na jicho, kwa hiyo kamera yoyote itamfaa. Mashauri yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa kuwa yanavizungumzia vifaa kana kwamba ni kitu kimoja. Mpiga picha hununua lenzi, taa, kadi, betri, bodi ya kamera (yaani kamera yenyewe bila lenzi) na stendi. Katika baadhi ya vifaa hivyo mteja hawezi kuona tofauti kati ya cha dola 199 na cha dola 2,299, na katika vingine kuokoa dola 10 kunaweza kumpotezea bibi harusi kumbukumbu ya siku yake nzima. Nimevipanga hapa kwa kufuata faida anayoipata mnunuzi kwa kila shilingi anayoitoa, nikianza na kile ambacho ningemshauri mtu yeyote akinunue kwanza na kumalizia na vile ambavyo ningemshauri aviache dukani.

Nafasi ya kwanza: lenzi ya milimita 50 au 35 yenye f/1.8

Kamera nyingi za bei ya kawaida huuzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu hufunguka zaidi na kuingiza mwanga mwingi zaidi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au chumbani jioni wakati bibi harusi anapakwa hina, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mkono uliotikisika kidogo utaiharibu picha, na kama ngozi nyeusi itabaki na mng'ao wake au itazama katika kiza kilichojaa chengachenga.

Swali linalofuata ni kama inafaa kuongeza fedha ili kupata lenzi kubwa zaidi ya aina hiyohiyo. Canon ilipotoa RF 50mm f/1.2L mwaka 2018 iliiuza Marekani kwa dola 2,299, na miaka miwili baadaye ikatoa RF 50mm f/1.8 kwa dola 199. Mnunuzi wa ile ya kwanza hulipa zaidi ya mara kumi na moja ili apate mwanga wa mara mbili na robo, na kubeba kifaa chenye gramu 950 badala ya gramu 160. Ni kweli kwamba lenzi hiyo imekingwa dhidi ya vumbi na manyunyu, na kwamba ukali wa picha yake unafika hadi pembeni, na mtu anayeishi kwa picha za matangazo makubwa ana sababu ya kuinunua. Lakini tazama kinachotokea inapotumika kwa uwezo wake wote: ukifungua tundu hadi f/1.2 na kusimama mita moja kutoka kwa mtu, kina cha sehemu iliyo wazi katika picha ni takriban sentimita tatu tu. Jicho la karibu likiwa kali, sikio limekwisha kufifia, na maharusi wawili waliokaa bega kwa bega ni vigumu kutoka wakali wote wawili. Kwa sababu hiyo mpiga picha wa harusi huishia kulifunga tundu hadi f/2.8 au f/4, na katika hatua hizo lenzi ya dola 199 inafanya kazi ambayo mteja hatailalamikia.

Wenye kamera za Nikon wana jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000, zilizojaa katika maduka ya vifaa vilivyotumika, hazina mota ya fokasi (inayosogeza vioo vya lenzi ili picha iwe kali) ndani ya bodi, hivyo lenzi ya zamani ya 50mm f/1.8D itashika vizuri lakini haitajifokasi yenyewe. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota ndani yake. Aidha, kwenye kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea mwanga), milimita 50 huonekana kama milimita 75 hivi, na katika sebule za nyumba zetu nyingi hutapata nafasi ya kurudi nyuma ukutani. Mwenye kamera ya namna hiyo afikirie milimita 35 kwanza.

Nafasi ya pili: taa

Laiti ningeweza kumshawishi kila anayeanza aache kuhesabu megapikseli na badala yake anunue flashi mbili za bei nafuu. Kamera ya gharama yoyote hupima mwanga kwa kukisia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kipima mwanga cha kamera hudhani mwanga ni mwingi, huupunguza, na nyuso zilizo juu ya gauni hilo hutoka nyeusi kupita zilivyo. Sensa ya bei kubwa inakuruhusu kuzing'arisha nyuso hizo baadaye kwenye kompyuta, lakini haiwezi kuongeza mwelekeo wa mwanga ambao haukuwepo ukumbini, na mwelekeo huo ndio unaochonga shavu, paji la uso na mikunjo ya kilemba.

Flashi ya Canon 600EX II-RT ilitoka mwaka 2016 kwa dola 579. Godox TT600 imekuwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na ina redio ndani yake inayoiruhusu kuwashwa kwa mbali. Inachokosa ni uwezo wa kujipima mwanga kupitia lenzi, hivyo mpiga picha hulazimika kupanga nguvu yake kwa mkono, ujuzi ambao hauchukui muda mrefu kuuzoea na ambao ningependa kila mpiga picha awe nao. Kwa kazi ya kumbi zetu flashi mbili hizo pamoja na triga (kifaa cha kuziwasha kwa mbali), stendi na mwavuli mweupe zinashinda flashi moja ya kifahari iliyokaa juu ya kamera. Sababu ni mapambo. Ukumbi ukitandikwa vitambaa vya zambarau na dhahabu kuanzia dari hadi sakafu, mwanga unaodundishwa juu hurudi na rangi ya vitambaa hivyo, na maharusi huonekana kama wagonjwa. Taa iliyo pembeni kwenye mwavuli wake haipiti kwenye vitambaa kabisa. Mwenye uwezo zaidi aifikirie Godox V860II, yenye betri ya lithiamu, ambayo hujaa tena kwa takriban sekunde moja na nusu baada ya kuwaka kwa nguvu zote, jambo linalookoa picha wakati keki inakatwa na watu wanalishana kwa haraka.

Kwa picha za mchana hata flashi si ya lazima. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya picha zake uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Ubao mweupe wa foemu ulioshikwa na msaidizi upande wa kivuli hufanya kazi ya reflekta, na unapatikana kwa fedha kidogo sana.

Nafasi ya tatu: kadi na betri, ambako unapaswa kununua ghali

Hapa msimamo wangu unageuka kabisa. Kadi feki hutengenezwa kwa kuchukua kadi yenye nafasi ndogo, tuseme GB 16, na kuipangia ijitambulishe kwenye kamera kuwa ina GB 128. Asubuhi ya harusi kila kitu huenda sawa. Nafasi halisi inapojaa, kamera huendelea kuonyesha kwamba inahifadhi, lakini picha mpya hazina pa kukaa. Nyumbani utaona majina ya mafaili yote yamejipanga, na ukiyabofya ya jioni hayafunguki. Hakuna fundi anayeweza kurejesha kitu ambacho hakikuandikwa kamwe.

Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, na siku hiyohiyo ijaribu kadi kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi huijaza kadi yote kisha huisoma tena kulinganisha kilichoandikwa na kilichorudi. Kadi ya GB 128 inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa moja kujazwa, na saa hiyo si ya kuionea uchungu. Alama ya V30 kwenye kadi ndiyo inayomaanisha kasi hiyo ya chini kabisa, na inatosha kwa kazi nyingi za sherehe.

Betri nazo zina uongo wao. Betri ya nikeli ya kuchaji ya ukubwa wa AA haifikii miliampea-saa 3,000, hivyo iliyoandikwa 4,000 imejishuhudia yenyewe. Eneloop, zilizoanzishwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa zinauzwa na Panasonic, huandikwa takriban 2,000 na hutunza chaji kwa miezi mingi zikiwa kwenye begi. Nunua seti tatu za betri hizo badala ya kuongeza flashi ya tatu.

Nafasi ya nne: bodi ya kamera, iliyotumika

Tangu Canon na Nikon zilipoingia kwa nguvu katika kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) mwaka 2018, wapiga picha wengi wameuza kamera zao za zamani, na hilo ni neema kwa anayeanza. Nikon D750 ya mwaka 2014 ina megapikseli 24 na sensa kamili (kubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35), na picha yake huchapishwa kwa ukubwa wa sentimita 50 kwa 34 bila kupunguza ubora wa kawaida wa albamu. Ikiwa kuna jambo moja la kulipia zaidi katika bodi, ni nafasi mbili za kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili. D750 na D7200 zinazo; Canon 6D, nzuri kwa mengine yote, ina moja tu, na kwa harusi ninaiweka nyuma kwa sababu hiyo peke yake.

Uliza shata, pazia linalofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, imepiga mara ngapi. Kwa Nikon, idadi hiyo huandikwa ndani ya faili la picha, hivyo piga picha moja hapo dukani na uisome. Kisha uigeukie lenzi, hasa kama imekaa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako unyevu wa hewa huotesha fangasi ndani ya vioo. Fungua tundu lote, elekeza tochi ya simu upande wa nyuma, na uchungulie kwa mbele ukiwa umeinamisha lenzi kidogo. Vumbi chache zisikutishe. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotandaa kutoka pembeni kama utando wa buibui, irudishe hata kama bei imeshushwa kwa nusu, kwa sababu fangasi hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na alama hubaki hata baada ya kusafishwa. Lenzi zako ziweke katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika na kipima unyevu kidogo, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Begi lililofungwa kabatini ndilo mahali pabaya kuliko pote.

Nafasi ya tano: lenzi ya kuvuta ya 24-70 yenye f/2.8

Hiki ni kifaa bora, na kwa mwenye harusi kila Jumamosi kinalipa, kwa kuwa hakuna muda wa kubadilisha lenzi wakati maharusi wanaingia ukumbini. Kwa mwenye kazi moja au mbili kwa mwezi, kukikodi ndiyo njia ya busara. Kodi ikianza kukaribia bei ya kununua, hapo kazi yenyewe imekwishakujibu.

Stendi ya miguu mitatu ningeiweka baada ya hapo, na ningenunua ya kati: ile ya bei ya chini kabisa ina kichwa cha plastiki kinachoshuka polepole chini ya uzito wa lenzi, na ile ya kaboni inalipia wepesi ambao mpiga picha wa kumbini hauhitaji. Chagua yenye ndoano chini ya nguzo ili utundike begi lako, upepo wa ufukweni usiiangushe.

Nafasi ya mwisho

Vifurushi vya mtandaoni vyenye vitu thelathini pamoja na kamera vinapaswa kuachwa. Ndani yake kuna lenzi za kuskrubu mbele ya lenzi nyingine, ambazo hufifisha pembe za picha, stendi za mezani zisizosimama, na filta za miale ya urujuanimno ambazo kamera ya kidijitali haizihitaji, kwa kuwa sensa yake tayari ina kizuizi cha miale hiyo. Wanaozinunua hutaka kukilinda kioo cha mbele, nia njema, lakini filta ya bei ya chini huongeza miduara ya mwanga kila taa ya ukumbini inapoelekea kwenye lenzi. Kofia ya lenzi ya plastiki (ile inayochomoza mbele bila kukifunika kioo) humlinda vizuri zaidi mtu anayegongwa na wageni kwenye msongamano, na huzuia mwanga huo wa pembeni badala ya kuuongeza.