Mstari wa kalamu: uzoefu wangu wa kupandikiza nywele Istanbul

Naandika nikiwa bado na hasira. Nilijipa zaidi ya mwaka ili zishuke, na hazijashuka. Jana usiku nimeisikiliza tena ile sauti waliyonitumia WhatsApp watu wa kliniki iliyonipandikiza nywele, ya sekunde chache tu: "Mstari uliukubali mwenyewe." Basi. Mtu umemlipa dola elfu mbili na ushee, umemkabidhi kichwa chako, ukimuuliza mbona utosini hakuna kitu, anakujibu mstari uliukubali mwenyewe.

Nianze mwanzo, maana najua wapo wengi wanaotafuta habari hizi kimyakimya kama nilivyotafuta mimi.

Nauza nguo Kariakoo. Istanbul naenda kufuata mzigo Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, kama wenzangu wengi. Anayeijua njia ile anajua ninachosema: ukipanda tramu, ukikaa uwanja wa ndege, lazima uwaone wanaume walionyolewa, utepe mweusi umewazunguka paji la uso, madoadoa mekundu yamejaa kichwani. Miaka nikiwaona na kugeuza macho. Upara wangu ulianza nina miaka 26, kwanza pembe mbili za mbele, halafu utosi, halafu vikakutana. Nilipofika 40 nilibaki na ukanda tu wa kutoka sikio hadi sikio kupitia kisogoni. Madaktari wana ngazi za kupima upara wa wanaume, zinaitwa ngazi za Norwood, ya mwisho ni ya 7. Mimi nilikuwa ya 6. Hilo nimelijua baadaye, na si wao walioniambia.

Wapo ambao upara hauwasumbui, na wapo unaowapendeza kweli. Mimi uliniumiza. Nimekaa miaka bila kuvua kofia mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwangu, hata kwenye joto la Februari. Kwa hiyo asitokee mtu kuniambia "si ungenyoa tu". Nimenyoa sana.

Nikawatumia ile kliniki picha tano za kichwa changu. Haikupita saa moja wakajibu: vishina 5,000, yaani nywele zinazong'olewa na mizizi yake ili zipandwe pengine, tunajaza kuanzia mbele mpaka utosini, na picha yangu mwenyewe wamenitengenezea nikiwa na nywele. Niliitazama ile picha dukani, mteja amesimama mbele yangu ananiuliza bei, sikumsikia. Safari ya mzigo iliyofuata, ilikuwa kabla ya Ramadhani, nikaenda.

Nilimwomba kijana mmoja wa kwetu anayesoma huko anisindikize. Huwa anatukalimania kwenye maduka ya jumla na kwa watu wa kago. Kijana mstaarabu, simlaumu kwa lolote. Tukapokewa kwa chai ya bilauri ndogo, tukasainishwa karatasi nyingi, nikavalishwa joho la hospitali. Kisha akaja mshauri wao. Si daktari, mshauri, kavaa suti, mkononi ana kalamu.

Hapa ndipo penyewe. Alinichora mstari juu ya paji la uso, pale nywele mpya zitakapoanzia. Akarudi nyuma hatua moja, akautazama, akaufuta kwa pamba yenye spiriti, akachora mwingine chini yake, kama vidole viwili chini. Akanipa kioo cha mkono. Kijana akaniambia, "Kaka, anauliza hapa au pale pa kwanza?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, muulize yeye anashauri wapi." Akauliza. Akajibiwa. Akasita kidogo, kisha akaniambia, "Anasema kichwa ni chako."

Nikachagua wa chini. Mwanaume aliyepoteza nywele miaka zaidi ya kumi, umpe kioo na mistari miwili, ataacha wa chini? Wote chumbani wakafurahi, mmoja akapiga makofi. Daktari mwenyewe aliingia, akanishika mkono, akatazama ule mstari, akatikisa kichwa kwamba sawa, akatoka. Dakika tano hazikufika, na sikumwona tena mpaka narudi Dar.

Nataka msomaji aelewe kitu ambacho hakikufanyika asubuhi ile. Hakuna aliyegeuza kichwa changu. Hakuna aliyepitisha hata kidole kisogoni, wala kuangalia kwa lenzi, wala kuweka rula. Na kisogo ndicho ghala! Nywele zinazopandwa mbele hazitoki kiwandani, zinang'olewa kisogoni kwako, kishina kimoja kimoja, kwa sababu zile za nyuma kwa kawaida haziuawi na homoni inayoua za mbele. Ukishakichomoa, pale kilipotoka hapaoti tena. Kwa watu wengi ghala lote, kwa maisha yote, ni vishina kama 6,000, wengine zaidi kidogo, wengine chini ya hapo.

Mimi kazi yangu ni vitambaa. Nimekaa na mafundi tangu kijana. Hakuna fundi anayeshika mkasi kabla ya kujua kitambaa ni mita ngapi. Mteja akija na mita tatu anataka kanzu na koti, fundi mwaminifu anamwambia, mzee wangu, hapa inatoka kanzu peke yake, chagua. Anamwambia kabla ya kukata. Hawa walinikata bila kupima, kisha wakaniuliza mimi, nisiyejua lolote, mkasi upite wapi.

Hesabu yenyewe nimeipata kwa daktari wa ngozi hapa Dar, mama mtaratibu sana, nilipomwendea baada ya mwaka. Alichukua karatasi. Upara kama wangu, akasema, ni eneo la takriban sentimita za mraba 200. Ukiwa na vishina 4,000 ukavitandaza sawasawa kote, ni 20 kwa kila sentimita, na kichwa ambacho hakijapata upara huwa na 60 na kuendelea. Maana yake hakuna daktari duniani anayeweza kumrudishia mtu wa ngazi ya 6 kichwa cha miaka 20. Kinachowezekana ni kuugawa uhaba kwa akili: mstari unawekwa juu, unaacha pembe zimeingia kidogo kama za mtu mzima, mbele panawekwa nyingi, katikati wastani, utosi unaguswa kidogo au unaachwa, na akiba inabaki kisogoni. Kila kidole ulichoteremsha mstari kinakula mamia ya vishina ambavyo vingekwenda nyuma. Vidole vyangu viwili viliula utosi wangu wote.

Kisha akanieleza jambo lililonitia uchungu zaidi. Nywele zetu Waafrika zimejipinda hata chini ya ngozi, kama ndoana. Kile chombo cha kuchomolea ni cha duara na kinashuka wima. Asiyezoea nywele za aina yetu anakata kishina katikati, kinatoka kimekufa, lakini kinahesabiwa. Anayejua anatumia chombo kipana kidogo, anakwenda polepole, na anaanza na vichache vya kujaribia. Mimi hakuna aliyejaribia. Faida yetu ni kwamba msokoto hufunika, nywele chache zilizojisokota zinaonekana nyingi kuliko chache zilizonyooka. Hatari yetu ni makovu ya kuvimba, keloidi, na ndiyo maana mtu anatakiwa aulizwe kama anayo mwilini au kwenye ukoo. Sikuulizwa. Namshukuru Mungu hazikunitokea.

Siku yenyewe ilikuwa ndefu. Sindano za ganzi kichwani zinauma, asikudanganye mtu. Baada ya hapo husikii maumivu, unasikia sauti tu, tik, tik, tik, umelala kifudifudi saa na saa. Waliofanya kazi yote ni vijana wasaidizi, wakipokezana, wakizungumza yao. Mara moja nikamwambia mkalimani awaulize daktari yuko wapi. Walicheka. Kijana wangu hakukitafsiri kile kicheko, aliinamisha macho, akaniwekea mkono begani. Hoteli nikalala kama nimekaa, na mto wa shingoni. Kwa siku kadhaa nimeswali kwa ishara kwenye kiti, maana kusujudu kumekatazwa, na siku ya tatu uvimbe ukashuka mpaka machoni. Hayo yote ni ya kawaida na waliniambia, hapo sina lawama.

Wiki kama ya nne zile nywele zilizopandwa zikaanguka karibu zote. Na hilo pia ni la kawaida, mashina yanabaki chini, yanaanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo yanahukumiwa baada ya mwaka, utosini hata mwaka na nusu. Nilikuwa nimesoma, sikuogopa. Nikasubiri.

Mbele zikaota.

Hapa lazima niseme haki, hasira zisinifanye nishuhudie uongo. Mbele zimeota vizuri. Ni nywele zangu, zinakua, zinanyolewa, ukizilowesha zinajisokota. Siku ya kwanza mke wangu aliponipitishia mkono hakusema kitu, aliurudisha tu mkono mara ya pili. Nimetoa picha mpya ya pasipoti bila kujifichaficha. Nikijitazama kwenye kioo uso kwa uso, kusema kweli, nafurahi, na furaha ile ningeilipia tena. Kwa hiyo ukiniuliza asubuhi nikiwa mbele ya kioo, nitakwambia nenda.

Usiniulize nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi wangu ananijua tangu nina nywele. Alishika mashine, akaanza nyuma, akasimama. "Bosi, huku nyuma nisishushe sana." Nikamuuliza kwa nini. "Panaonekana." Akaniwekea kioo cha pili. Kisogo kimetobokatoboka, mabaka meupe madogomadogo, sehemu moja karibu na sikio la kulia wamechota mpaka pamebaki kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Na juu yake utosi, ule ule, unang'aa, umezungukwa na nywele mpya mbele na uwanja nyuma. Zamani nilikuwa na upara mmoja unaoeleweka. Sasa nina kitu ambacho siwezi hata kukinyoa chote, maana nikinyoa ngozi makovu yote ya nyuma yanajitokeza. Njia niliyokuwa nayo ya kunyoa nikaishi, wameifunga, na hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kufungika.

Nikapiga picha, nikawaandikia kwa heshima. Nikauliza mambo mawili: ghala limebaki na kiasi gani, na mpango wa utosi ni upi. Siku nyingi zikapita. Ndipo ikaja ile sauti.

Jamani, mimi ni muuzaji. Najua mteja anavyoweza kuwa msumbufu, najua wapo wanaorudisha nguo waliyokwisha kuivaa harusini. Lakini sijawahi kumwambia mteja kitambaa umekichagua mwenyewe kama mimi ndiye niliyemficha kwamba hakitoshi. Wangesema "pole, tulikosea" ningewasamehe siku ile ile, na pengine nisingeandika neno. Siwadai hata senti. Najua utosi haujai kwa pesa, daktari wa Dar ameniambia kisogo changu hakiwezi kutoa tena zaidi ya vishina mia chache, na ameshauri niviache pale vilipo.

Amenianzishia vidonge vya finasteride miligramu 1 kila siku na minoksidili ya kupaka, ili nilizobaki nazo zisiondoke, akanieleza na madhara ya kuyaangalia, ya tendo la ndoa, bila kuona haya. Kupandikiza hakuzuii upara kuendelea. Hili nalo nilikuwa silijui. Kule sikupewa hata karatasi yake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msiende, mtu yeyote mwenye upara uliokomaa asiende. Sasa nimefika hapa na siwezi kusema hivyo kwa moyo mmoja, kwa sababu leo asubuhi nimetoka nyumbani bila kofia na nilipofika dukani ndipo nikakumbuka kwamba sina. Kwa mbele nawapa haki yao. Kwa utosi na kisogo sijawasamehe. Na kama yule mkalimani wangu atawasomea haya, mdogo wangu, usiwaulize tena nani aliuchagua mstari, hilo tunalijua. Waulize nani alinipima kisogo.