Gayogayo: umtambue kwa macho au kwa DNA?
Hili swali haliishi aisee. Gayogayo ni samaki bapa, macho yake yote mawili yako upande mmoja, kulia au kushoto kutegemea familia. Kucheki ni upande gani ni bure na sekunde tu umemaliza, kwa samaki wa kawaida inatosha, shida ni ukikutana na kituko: gayogayo aitwaye Platichthys stellatus yuko familia ya macho kulia lakini kule Japani karibu wote macho yako kushoto, pwani ya magharibi ya Marekani kama nusu kwa nusu! Wengine wana rangi hadi upande wa chini, na pezi la mgongo limejikunja kama ndoano. DNA haidanganywi na hayo, ila inataka maabara, hela na subira, tena ile ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyorithiwa kwa mama) kwa chotara inakuonyesha spishi ya mama tu. Uko botini na samaki mzima? Macho, kisha hesabu vijiti vya mapezi. Una minofu tu? Macho utayatoa wapi sasa.