Kidole changu na bahasha ya bosi: nilivyolipwa fidia ya kuumia kazini

Gia boksi ya Land Cruiser siyo kitu cha kumdondokea mtu. Mwezi wa 6 mwaka 2023, msimu wa wageni ndiyo unaanza, gari moja lilirudi kutoka Serengeti likilia kama mbuzi kila dereva akiingiza gia ya tatu. Alfajiri ya kesho yake lilitakiwa liwe limepakia wageni wengine. Tukaliingiza kwenye shimo usiku, mimi na kijana mmoja wa deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, gereji ya kampuni ya utalii hapa Arusha. Jeki maalumu ya kushushia gia boksi ilikuwa imekufa tangu Pasaka, na kila aliyeulizwa alisema mpya inakuja. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia jeki ya kawaida, juu yake tumeweka kipande cha mbao. Bolti ya mwisho ilipoachia, mbao ikateleza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa katikati ya gia boksi na chesesi.

Maumivu sikuyasikia. Nilichosikia ni sauti, kama mtu amekanyaga chupa ya maji ya plastiki. Maumivu yalikuja baadaye, kwenye bajaji, tukiwa tunaruka matuta.

Naandika haya kwa sababu watu watatu wameshaniuliza kama kweli Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wanaouita WCF, unalipa. Unalipa. Ila kuna mambo ningeyajua mapema ningelipwa vizuri zaidi na bila kuzungushwa, na mengi kati ya hayo yalianzia kwa mwajiri wangu na kwangu mimi mwenyewe, siyo kwenye mfuko.

Tuanze na simu ya asubuhi. Usiku ule kituo cha afya walinisafisha na kunifunga, wakasema mifupa ya vidole viwili imesagika, niende hospitali kubwa. Nikiwa foleni ya mapokezi, dada wa utumishi akapiga. "Kaka, pole sana jamani. Sasa hapo tumia kadi yako ya bima, usiseme umeumia gereji. Watakuzungusha bure. Sema umeumia nyumbani." Mtu una mkono umevimba kama andazi, unataka tu uonwe na dokta, utabishana na nani? Nikasema nimeumia nyumbani. Mtu wa mapokezi akaandika. Mstari ule mmoja kwenye faili ulikuja kunila karibu mwezi mzima.

Nilipopewa rufaa kwenda KCMC, hospitali kubwa ya rufaa kule Moshi, ndipo uongo wenyewe ukaanza kuchekesha. Dokta wa mifupa alifungua bandeji, akaona grisi bado nyeusi kwenye kingo za kucha, akasoma karatasi ya rufaa, akaniangalia. "Nyumbani kwako unafuga gia boksi?" Nikacheka, nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Aliandika upya maelezo ya namna nilivyoumia, mahali, saa, na kazi niliyokuwa nafanya, akaniambia kwa upole kwamba karatasi hiyo nitaihitaji kuliko dawa. Kidole cha shahada kilikatwa kwenye kiungo cha katikati. Kile cha kati kilibaki, kikatiwa pini mbili, mkono ukafungwa hogo la plasta.

Kuhusu matibabu yenyewe sina la kulalamika. KCMC kwa mifupa wana mikono mizuri, na kule kwenye mazoezi ya viungo nilikutana na watu ambao shida zao zilinifanya nione aibu kulilia kidole. Kuna mzee aliyekuwa anajifunza kutembea na mguu wa bandia. Kila akimaliza raundi ananiuliza, "Fundi, umeokota ngapi leo?" Maana zoezi langu lilikuwa kuokota. Walianza kunipa sifongo nikamue ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kisha sarafu, kisha nikaomba niletewe nati za kweli. Nati namba 17 niliiokota wiki ya kwanza. Namba 10 ilinichukua wiki tano. Na kuna jambo la ajabu hakuna aliyenitayarisha nalo: ncha ya kidole kisichokuwepo huwa inawasha. Unanyoosha mkono ukikune, unakuna hewa.

Sasa fedha. Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mama mmoja anayefanya kazi shamba la maua kule Usa River. Alivunjika mguu kazini miaka ya nyuma, akalipwa. Alipokuja kunipa pole akauliza swali moja tu: "Kazini kwenu wameshapeleka taarifa?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi hawajapeleka."

Alikuwa sahihi. Sheria inamtaka mwajiri apeleke taarifa ya ajali ndani ya siku 7 za kazi tangu aipate. Yangu ilikuwa na wiki ya tatu imelala. Nikapanda hiace na hogo langu mpaka ofisi ya WCF hapa mjini. Nilitegemea kufukuzwa kwa kukosa makaratasi. Afisa akanikalisha, akasikiliza, akauliza jina la kampuni, akaingia kwenye kompyuta, akakuta mwajiri wangu amesajiliwa na anachangia. Akainua simu. Sijui waliongea nini na dada wa utumishi, ila siku mbili baadaye taarifa ilikuwa imeingia, na dada akanipigia kwa sauti ya upole mno kuniuliza namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, na akaunti ya benki.

Hapo ndipo nilipouliza maswali yangu yote, maana nilikuwa na hasira na nilitaka kujua hasira yenyewe niielekeze wapi. Nikaelewa kwamba mfuko huu umetokana na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ukaanza kazi mwaka 2015, na mafao yakaanza kulipwa Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kwenye mshahara wako hairuhusiwi kukatwa hata shilingi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa, sasa ni nusu asilimia. Nikapiga hesabu palepale. Mshahara wangu ulioandikwa ulikuwa 420,000. Nusu asilimia yake ni 2,100 kwa mwezi. Soda mbili na chenji. Bosi alikuwa analipia kitu, halafu anaficha ajali ili kisitumike! Mpaka leo naamini alichokuwa anakiogopa ni wakaguzi wa usalama kuja kuuliza habari za jeki ya Pasaka. Fedha hazikuwa za kwake.

Kuna wenzangu wanaochanganya mfuko huu na bima ya afya, au na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaotunza pensheni ya uzeeni. Kadi ya bima inakutibu kama mgonjwa yeyote. Inaishia hapo. Huu wa fidia unalipia matibabu ya kilichotokana na kazi, na ukishindwa kufanya kazi unakulipa sehemu ya mshahara wakati unaugua, na ukibaki na ulemavu unalipwa kwa ulemavu huo. Mtu akifa, wategemezi wake wanalipwa. Hili la kutibiwa kwa kadi yangu mwenyewe na kusema uongo mapokezi lilikuwa sawa na kununua tairi wakati ile ya akiba ipo nyuma ya gari.

Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, na yanaweza kuendelea hadi miezi 24. Mimi niliyapata kwa miezi ambayo dokta aliandika siwezi kazi, na hapa nisisitize zile karatasi za ED, yaani za dokta kukupumzisha kazi. Kila ulipohudhuria, hakikisha umeandikiwa kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, bila kuruka siku. Mimi niliwahi kuruka wiki nzima kwa sababu niliona uvivu kupanda Coaster kwenda Moshi kufuata karatasi tu, na wiki hiyo ilinisumbua baadaye kuieleza. Nauli zenyewe za Coaster sikuzidai, sikuwa na risiti. Nani amewahi kumwomba konda risiti akabaki na heshima yake?

Asilimia 70 ya 420,000 ni 294,000. Na hapa ndipo bahasha inapoingia.

Wanaofanya kazi za utalii wataelewa. Salari slipu yangu ilisema 420,000, lakini msimu ukichanganya, yaani kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10, nilikuwa naondoka na bahasha ya laki mbili, laki mbili na nusu juu yake. Kazi za usiku, kufuata gari lililokwama Ngorongoro, mambo hayo. Bahasha ilinifurahisha kwa miaka sita. Haikatwi kodi, haikatwi NSSF, mke hajui kiasi kamili. Sasa nikiwa nimekaa kitandani na hogo, bahasha haikuwepo popote. Haikuandikwa mahali, kwa hiyo asilimia 70 yake ni sifuri. Familia iliyokuwa inakula laki sita na ushee ikaanza kula 294,000. Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua asubuhi na kuvipeleka karibu na shule, akanilisha mimi na watoto bila kunisema, ingawa siku aliyogundua habari za bahasha alinyamaza mpaka jioni.

Sikuweza kumlaumu afisa wa mfuko. Alinionyesha mshahara wangu kwenye karatasi, uleule niliousaini kila mwezi.

Hogo likatoka, pini zikatoka, mazoezi yakaendelea mpaka dokta akasema mkono umefika ulipoweza kufika. Baada ya hapo ndiyo unapimwa ulemavu wa kudumu. Nilipata asilimia 12: kidole kilichokatwa pamoja na kile cha kati ambacho hakikunji mpaka mwisho. Ukiwa asilimia 30 kushuka chini unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo unaingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Mimi nikaangukia mkupuo, milioni mbili na laki tisa na ushee, moja kwa moja kwenye akaunti. Hakuna mtu aliyeniomba chai, na nilikuwa nimejiandaa kuombwa.

Ni nyingi au kidogo? Ukiulizwa utauza kidole kwa bei hiyo, utakataa. Lakini mtoto wa mwenzangu alipoteza baba yake kazini miaka ya tisini, familia ikaambulia jeneza na gunia la mchele. Mimi nyota nne nawapa. Ya tano nimeishikilia kwa sababu ya ile asilimia 70, maana mgonjwa halipi kodi ya nyumba asilimia 70, lakini hilo ni la sheria yenyewe, siyo la yule afisa.

Kilichoniuma mpaka leo ni kijana wa deiwaka. Ile gia boksi ilipomaliza na mimi ilimwangukia mguuni. Kucha mbili zikang'oka, akachechemea wiki tatu. Nilimwambia twende pamoja, nikamwambia usichelewe, ukikaa kimya mpaka miezi 12 ipite haki yako imekwenda. Akasema, "Bro, mimi hata kwenye kitabu sipo. Nikienda huko, kesho siitwi." Hakwenda. Alijifunga kitambaa, akarudi kazini na ndala.

Nimerudi gereji. Nafanya kazi zote isipokuwa zile za kupenyeza mkono nyuma ya injini, na Julai baridi ya Arusha ikiingia kidole kinauma kama kina jino ndani yake. Salari slipu yangu siku hizi inaandika kazi za usiku. Nililiomba hilo kwa maandishi kabla ya kurudi, na nilishangaa jinsi lilivyokubaliwa haraka.

Fedha za mkupuo zililipa madeni ya kikoba na ada ya muhula mmoja. Zilizobaki nilizipeleka mtaa wa Unga Limited hapa mjini nikatafuta jeki ya gia boksi, ya mtumba lakini nzima. Ninayo gereji, nimeifunga kwa mnyororo na kufuli. Gereji nzima inaitumia nikiwepo. Bosi ameshaniomba mara mbili nimuuzie. Nimemwambia siuzi, nitamkodisha kwa siku, na kila siku iandikwe.