Transfoma ya spika kwa redio za valvu: angalia mwanya kabla ya kutoa hela

Msomaji wa Mbale ameniandikia kwa uchungu. Redio ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya babu yake, Bush DAC90A, iliungua transfoma ya spika, ile inayounganisha valvu ya mwisho na spika, akauziwa nyingine Kampala, akaifunga na redio ikaongea. Lakini besi hakuna, na akiongeza sauti kidogo inakwaruza. Muuzaji kamwambia spika imechoka. Malalamiko ya aina hii yananifikia mara kwa mara na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja. Kwa hiyo wati na matundu ya skrubu nayaacha. Nazungumzia mwanya ulio kwenye kiini cha chuma cha transfoma.

Redio nyingi za mezani za miaka ya 1950 zina valvu moja tu ya kutoa sauti: EL84, EL41, UL41. Mkondo wa valvu hiyo hupita kwenye koili ya kwanza ya transfoma muda wote redio ikiwa imewashwa. EL84 kwenye volti 250 huvuta miliampia 48 hivi. Mkondo huo hukijaza kiini sumaku hata kikashiba, na kikishiba sauti nzito hupotea. Ndiyo maana viwanda viliacha mwanya mwembamba kama karatasi kati ya vibati vya kiini vya umbo la E na vile vya umbo la I. Ukiitazama kwa ubavu utaona vibati vyote vya E vimeelekea upande mmoja na vya I vimepangwa upande wa pili. Vikiwa vimepishana, kimoja huku kingine kule, mwanya hakuna. Irudishe.

Wauzaji wanajua kutupiga kwa hesabu. Transfoma ya umeme ya volti 240 kwa 6 ina uwiano wa 40. Zidisha 40 kwa 40, kisha kwa spika ya om 3, unapata om 4800, ndio mzigo utakaoonwa na valvu, na EL84 inataka kama 5200. Hesabu inakubali, hela inatoka. Ila vibati vya transfoma ile vimepishana, kwa kuwa ilitengenezwa kwa umeme wa ukutani. Kumwambia mteja hiyo ni transfoma ya redio ni wizi.

Chaguo langu la kwanza ni Hammond ya Canada, na sifichi mapenzi yangu. Tafuta herufi SE, yaani ya valvu moja ya sauti: 125ASE ni ya wati 3, 125BSE wati 5, 125CSE wati 8. Kwa redio ya valvu moja ya sauti, BSE kwa kawaida hutosha. Ukiletewa 125B bila SE, hiyo imekusudiwa valvu mbili zinazopokezana, usikubali. Kinachoniudhi ni gharama ya kuifikisha. Chuma ni kizito, na VAT yetu ya Uganda ya 18% haipigwi kwenye bei ya kitu peke yake, nauli nayo inahesabiwa. Tunalipa kodi juu ya usafiri! Tafuteni wenzenu muagize kwa pamoja.

La pili ni kusuka upya ile ya zamani. Mafundi wanaosuka koili za mota, Katwe pale Kampala au Jinja, wanaweza, mradi wapate waya mwembamba wa kutosha na wahesabu mizunguko wakati wa kufumua. Kaa naye anaporudisha vibati. Mkono umezoea kuvipishanisha, na hapo kazi yote inaharibika. Karatasi inayokaa kwenye mwanya itunze mwenyewe.

La tatu, iliyotolewa kwenye redio nyingine iliyokufa. Pima koili ya kwanza: ikionyesha om mia kadhaa, waya haujakatika.

Za bei ya chini, za umeme na zile za laini ya volti 100 za vipaza sauti, sizipendekezi.

Yoyote utakayochagua, badilisha kwanza kapasita inayopeleka sauti kwenye gridi, yaani mlango wa sauti, ya valvu ya mwisho. Ikivuja, valvu huvuta mkondo kupita kiasi, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyoichoma transfoma ya kwanza. Weka ya volti 630. Ukiwasha, pima gridi hiyo. Ikionyesha volti chanya, zima mara moja. Na wenye DAC90A, chesisi yake imeungwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo usiiguse chesisi kwa mkono wakati plagi imechomekwa.