Uzoefu wangu na Google Photos: kuzuia picha za kazi zisionekane kwenye kila kifaa cha nyumbani

Kwa kutunza picha za familia sijapata huduma iliyonifaa kuliko Google Photos. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu jambo moja tu: namna ya kuzuia kila picha ninayopiga isifike kwenye kila kifaa chenye akaunti yangu.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Nikiwa bandarini napiga picha hati za shehena, pasipoti za wateja na namba zao za mlipakodi, zote kwa simu ileile yenye picha za wanangu. Kishikwambi cha watoto kilikuwa na akaunti hiyohiyo, kama ilivyo katika nyumba nyingi, kwa hiyo hati za wateja zilikuwa zikionekana sebuleni kabla sijarudi kutoka kazini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na mteja aliyenipa pasipoti yake hakuikabidhi kwa nyumba yangu nzima.

Kuzima uhifadhi wa nakala (backup), yaani programu kupandisha picha zako mtandaoni yenyewe, ni rahisi: unagusa picha ya akaunti yako, unaingia kwenye mipangilio, unazima. Linalowachanganya wengi ni kwamba hatua hiyo huzuia picha mpya tu, na zile zilizokwisha kupanda huendelea kuonekana kila mahali. Ukizifuta ndani ya programu, zinafutika kwenye akaunti na kwenye vifaa vyote, simu yako ikiwemo, ingawa hukaa kwenye tupio kwa siku 60. Kwa sababu hiyo nilihamisha kwanza hati zote kwa waya hadi kompyuta ya ofisini, nikahakikisha zinafunguka, ndipo nikazifuta na kumwaga tupio.

Sasa uhifadhi wa moja kwa moja umezimwa, na nikiwa kwenye Wi-Fi ninachagua mwenyewe picha za familia za kupandisha. Hati ambazo bado ninazihitaji mkononi naziweka kwenye folda iliyofungwa (Locked Folder) ya Google Photos, ambayo hufunguliwa kwa alama ya kidole au namba ya siri na haipandishi kitu mpaka uiruhusu. Ila ukiondoa programu kwenye simu, vilivyomo bila nakala vinapotea, na onyo hilo lichukuliwe kwa uzito.

Nafuu nyingine ni ya nafasi. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinazopandishwa huhesabiwa ndani ya GB 15 za bure, ambazo zinatumiwa pia na Gmail, na nafasi ikijaa barua pepe huacha kuingia. Kwa wakala anayesubiri nyaraka za meli, hilo ni zito kuliko kupoteza bando. Folda ya picha za WhatsApp ina swichi yake pekee, nami nashauri izimwe kabla ya nyingine yoyote.

Mke wangu anatumia iPhone, ambako iCloud, huduma ya Apple ya kuhifadhi vitu mtandaoni, hutoa GB 5 za bure, na picha iliyofutwa kwenye kifaa kimoja hufutika kwenye vyote vilivyounganishwa, ikisubiri kwenye tupio siku 30 tu.

Ninachokikosa katika huduma zote mbili ni uwezo wa kuamua albamu fulani ionekane kwenye kifaa gani. Mpaka uwezo huo upatikane, kishikwambi cha watoto kitabaki na akaunti yake yenyewe, nami nitawashirikisha albamu ya familia peke yake.